Laki nne ya shangazi ilivyogeuka laki nane

Mhariri, salaam. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili limenikaa rohoni. Tuna kamati ya harusi ya mdogo wangu, vikao kila Jumapili saa 2 usiku hapa kwetu Tabata, na kwa vile ndugu wengine wako Muscat na London tunawaingiza kwa Zoom. Sasa shangazi wa Muscat katoa ahadi yake laki nne, sisi huku tukasikia laki nane, mweka hazina kaandika nane, vigelegele vikapigwa, shangazi kule anakataa wala hatumsikii, kesho yake orodha imetupwa kwenye grupu la WhatsApp jina lake liko juu kabisa. Kanuna, na ana haki ya kununa.

Tukasingizia mtandao kama kawaida yetu. Mtandao wapi! Sebule moja simu tatu zimeingia kikao kilekile, zote spika wazi, sauti ya shangazi inatoka simu hii inaingia kwenye maiki ya simu ile inarudi tena, mwangwi mtupu. Juu panga boi linavuma, na simu kubwa imelazwa mezani pembeni ya bakuli la karanga, kila anayechota anagonga meza.

Jumapili iliyofuata tulibakiza simu moja tu, nyingine zikatoka kabisa, maana ukizima maiki peke yake spika bado inapiga kelele na simu ya jirani inaidaka. Tukaiegemeza kwenye chupa ya chai juu ya stuli, usawa wa uso, feni tukazima, jasho lilitutoka lakini tulisikia. Kamera nayo ilikuwa na mafuta ya maandazi, ikafutwa na pindo la kanga na sura zikarudi. Taa ilikuwa nyuma yetu tunaonekana vivuli, tukageuza viti basi. Na bando likiyumba zima video ubaki na sauti, Zoom wenyewe wanasema sauti tupu inataka kama kilobiti 60 mpaka 80 kwa sekunde, wakati video nzuri ya watu wawili tu ni 600.

Ila mi naona hata sauti ikikaa sawa bado walio mbali tunawaonea. Huku sebuleni tunacheka, tunanong'ona, tunapitisha mambo kwa kutikisa kichwa, wao wamebaki kama picha ya ukutani. Sauti yao pia inachelewa kidogo kufika, kwa hiyo mtu akifungua mdomo sisi tushamkatisha, akirudia mara mbili anakata tamaa ananyamaza, halafu tunasema amekubali. Sasa mwenyekiti anaanza na wa mbali, anamwita mtu kwa jina halafu ANASUBIRI, na hapo ndo kazi ilipo kwa watu wa kwetu. Ahadi ya hela ikitajwa lazima iandikwe pia kwenye chati kwa tarakimu, kisha mweka hazina anaisoma mhusika aitike. Mjomba wa London hataki kuandika, ananyoosha vidole mbele ya kamera, tumemkubalia.

Halafu zile dakika 40 za bure za Zoom, zikiisha kikao kinakatwa, zamani kumi na tano zinaishia kwenye "mnanisikia? mnanisikia?", kikao kinakatika michango haijasomwa. Siku hizi tunafungua kabla ya saa 2 kujaribu tu, tunafunga, tunafungua upya.

Ombi langu mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia kila wiki simu mpya na bei zake, sijakataa, lakini siku moja moja waelekezeni watu namna ya kuiweka hiyo simu mezani na kumpa nafasi aliye mbali, maana nina hakika kamati yetu sio ya kwanza kumwandikia mtu deni kwa ajili ya mwangwi.

Msomaji wenu,
Tabata, Dar es Salaam