Honi ikinyamaza, msikimbilie kununua nyingine

Kwa Mhariri,

Kila mvua ya masika ikianza, pikapu kuukuu za huku kwetu hupoteza sauti. Hilux, Datsun na Isuzu zinazoteremsha mboga na maziwa hadi Kisumu hushinda kwenye matope, jioni zinaoshwa kwa mashine ya maji ya kasi, na honi iliyofungwa nyuma ya grili ndiyo inayolipa. Mwenye gari hukimbilia dukani kununua honi mpya. Hiyo nayo ikikataa, anafungiwa kitufe cha kengele ya mlango chini ya dashibodi, waya ukitoka moja kwa moja kwenye betri. Naandika kupinga tiba zote mbili, hasa hii ya pili.

Honi moja ya volti 12 hula takriban ampea 3 hadi 5, na pikapu nyingi zina mbili. Kitufe cha kengele hakikuundwa kubeba mzigo huo. Vibati vyake vya ndani huungua na kushikana. Hilo ni dogo. Kubwa ni ule waya usio na fyuzi unaopenyezwa kwenye tundu la bati kati ya injini na miguu ya dereva. Siku utakapochunika na kugusa bodi, hakuna kitu cha kuukata umeme kabla plastiki haijashika moto.

Tatizo huanzia kwenye kutoelewa kazi ya kitufe cha usukani. Wengi hudhani ndicho kinachopeleka moto (umeme wa chanya ya betri) kwenye honi. Katika pikapu nyingi za Kijapani, moto uko tayari kwenye rilei (swichi inayovutwa na sumaku ya koili yake) muda wote; kitufe huipa koili hiyo ardhi tu, yaani njia ya kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi. Koili yenyewe hula chini ya robo ampea, ndiyo maana waya wa ndani ya usukani ni mwembamba. Kwa hiyo mtu akilazimika kweli kuweka kitufe cha pembeni, akiunge kati ya waya huo mwembamba na ardhi, aache fyuzi na rilei zifanye kazi yake. Hapo hata cha kengele kitadumu.

Sasa upimaji. Anza na fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15. Katika Toyota nyingi za zamani fyuzi ya honi ndiyo hiyo hiyo ya taa za hazadi (za dharura), basi washa taa hizo kwanza: zikiwaka, fyuzi ni nzima na hujachafua mikono. Kisha mtu abonyeze honi huku umeweka kidole juu ya rilei. Ikigonga “tik” na honi ikabaki kimya, usukani hauna kosa. Ubovu uko kwenye rilei yenyewe, waya wa kwenda mbele au honi. Isipogonga, kosa liko kwenye koili, kwenye moto unaoifikia au upande wa usukani.

Hapa ndipo multimita, kile kipimo cha umeme, huwadanganya mafundi wengi. Waya ulioliwa na kutu ukabaki na nyuzi mbili tatu bado utaonyesha volti 12 ukiupima bila mzigo. Tumia balbu ya breki ya wati 21 iliyounganishiwa nyaya mbili. Chomoa waya wa honi, unganisha balbu kati ya waya huo na hasi ya betri, mtu abonyeze. Ikiwaka kwa nguvu, moto unafika. Sasa hamisha ule mguu wa hasi hadi kwenye kibati kinachoshika honi. Ikififia au kuzima, honi yako haijafa, imekosa ardhi. Honi zenye waya mmoja hupata ardhi kupitia kibati hicho na boliti yake, na kutu ikiingia katikati basi kwisha. Fungua, piga msasa mpaka chuma king’ae pande zote mbili, kaza, kisha paka mafuta ya mgando. Honi nyingi zinazotupwa kwenye vyuma chakavu hazikuhitaji zaidi ya hapo. (Gari kuukuu zaidi lisilo na rilei lina honi ya nyaya mbili: mmoja una moto daima, mwingine unakwenda kutafuta ardhi kwenye kitufe.)

Honi inayolia tu ukikata kona ni hadithi nyingine. Nyuma ya usukani kuna pete ya shaba na kijiti chenye springi kinachoisugua. Pete ikichafuka au kijiti kikiisha, mgusano hupotea kwenye pembe fulani. Chomoa hasi ya betri, weka alama ya rangi kwenye shafti na usukani, legeza nati, mara nyingi ya soketi 19, lakini usiitoe yote. Iache kwenye nyuzi chache, maana usukani ukiachia ghafla utakupiga kifuani. Msasa laini, kitambaa chenye spiriti, grisi kidogo mno. Ukiona maandishi SRS kwenye usukani, kuna eabegi (mfuko wa hewa wa usalama): usiguse kabla hujachomoa betri na kusubiri angalau sekunde 90, na kama hujawahi kuifungua, mwachie anayejua.

Pete ikiwa safi na bado kimya, tazama chini kwenye kiungo cha mpira kati ya shafti ya usukani na gia boksi yake. Mpira haupitishi umeme, hivyo kuna ukanda mdogo wa waya unaouruka. Ukikatika, kitufe hakina pa kupata ardhi. Huu husahauliwa na karibu kila mtu.

Skrubu ya kurekebisha sauti iliyo mgongoni mwa honi iwe ya mwisho. Izungushe robo mzunguko tu kwa mara moja, ukijaribu kwa milio mifupi. Ukipitiliza upande mmoja vibati vya ndani havigusani tena. Upande mwingine haviachani, honi inagonga mara moja na kuchoma koili yake.

Na honi inayolia yenyewe barabarani bila kukoma, msivunje nyaya. Chomoeni rilei. Ikinyamaza, rudisheni, ikilia tena papo hapo, wekeni rilei nyingine ya aina ile ile. Hiyo nayo ikilia bila kubonyezwa, waya wa kitufe umechunika ndani ya nguzo ya usukani na unagusa chuma.

Fundi wa umeme wa magari,
Kisumu