Juliet hapumziki kaburini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu baleti ya Romeo na Juliet ilieleza vizuri ugomvi wa koo mbili za Verona, lakini iliteleza iliposema kuwa katika onyesho la kaburini mchezaji wa Juliet anapumzika, kwani amelala tu kama maiti baada ya kunywa dawa ya usingizi. Katika baleti ya mtunzi wa dansi Kenneth MacMillan, iliyoanza kuchezwa London tarehe 9 Februari 1965, kazi ngumu iko hapohapo.

Sergei Prokofiev naye aliwahi kufikiri kama mwandishi wenu. Alipotunga muziki huu mwaka 1935 aliwaacha wapenzi hai, kwa hoja kwamba mtu hai hucheza, anayekufa amelala hawezi. Baadaye alikubali kumrudia Shakespeare, ambaye kwake wapenzi hufa, na baleti ikafunguliwa Brno, Chekoslovakia, mwaka 1938, kisha Leningrad mwaka 1940, Juliet akiwa Galina Ulanova. MacMillan aliipindua hoja ile: maiti nayo ikacheza. Romeo humtoa Juliet juu ya jiwe na kujaribu tena miondoko ya usiku wa roshani, walipoahidiana mapenzi, ila safari hii haitikiwi.

Katika mnyanyuo wa kawaida, mwanamke naye hufanya kazi kubwa. Hukunja magoti, huisukuma sakafu na kuruka, mwanamume akimpokea akiwa tayari yuko njiani kwenda juu. Kaburini hakuna kuruka. Romeo lazima achuchumae, amvute mwili hadi ugusane na kifua chake, kisha asimame kwa nguvu za mapaja. Akiinama na magoti yamenyooka, kiuno ndicho kitakachobeba, na hapo ndipo wengi huumia. Tena amekwisha kucheza zaidi ya saa mbili, viganja vimelowa jasho, na gauni la Juliet ni jepesi na linateleza. Anayeshika kitambaa badala ya mbavu hubaki na kitambaa.

Juliet, kwa upande wake, hugawa mwili wake mara mbili. Shingo, mikono na vifundo vya miguu huviachia kabisa. Tumbo, mgongo na mapaja ya ndani hubana kimyakimya. Akilegea mwili mzima, mabega hupanda masikioni na yeye kuchopoka mikononi mwa mwenzake. Akikaza kila kitu, anakuwa gogo, si maiti. Kosa la kawaida kuliko yote liko miguuni: tangu utotoni amefundishwa kunyoosha vidole kila mguu unapoacha sakafu, na marehemu anayenyoosha vidole anachekesha. Kuisahaulisha miguu tabia hiyo huchukua muda kuliko kujifunza mnyanyuo wenyewe.

Kumrudisha kwenye jiwe nako kuna utaratibu: nyonga hutangulia, mgongo hufuata, kichwa huwa cha mwisho kikiwa kiganjani. Romeo anayeharakisha ili awahi muziki humgonga mwenzake kisogo, naye Juliet hawezi hata kukunja uso. Halafu, Romeo akishakunywa sumu, huyu aliyetupwa huku na huku anatakiwa aamke polepole kama mtu aliyelala usingizi mzito, pumzi imetulia, kumbe moyo unakwenda mbio.

Ombi moja. Mkiirudia mada hii, watajeni Lynn Seymour na Christopher Gable, kwani MacMillan aliitunga miondoko hii juu ya miili yao. Usiku wa ufunguzi nafasi walipewa Margot Fonteyn, aliyekuwa na miaka 45, na Rudolf Nureyev, miaka 26. Pazia lilifunguliwa mara 43 ili washangiliwe, na makala nyingi, yenu ikiwemo, huishia kwenye majina hayo mawili.

Mwalimu wa dansi,
Nairobi