Barua kwa mdogo wangu anayekwenda kuwa mkalimani

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema ukalimani wa Kichina ni kupitisha maneno tu, wewe ni bomba. Neno hilo limenikaa kooni, ndiyo maana nakuandikia habari za Li Zibiao, mkalimani Mchina wa zamani.

Mwaka 1792 Uingereza ilimtuma Lord Macartney kwa mfalme Qianlong wa China. Walitaka bandari nyingine zaidi ya Guangzhou, ushuru upungue, na balozi wao akae Beijing. Zawadi zilijaa meli. Mtu wa kusema Kichina? Uingereza nzima hakupatikana. Naibu wa Macartney, George Staunton, akaenda kumtafuta Naples, Italia, kwenye chuo kilichowasomesha vijana wa Kichina upadri. Wakalimani wawili aliowapata, Li akiwa mmoja wao, hawakujua Kiingereza, kwa hiyo maneno yalipitia Kilatini kwanza.

Kufika Macau, kwenye pwani ya China, yule mwingine akashuka asirudi. Simlaumu. Kwa sheria za wakati ule, Mchina kutoroka nchi na kuwatumikia wageni lilikuwa jambo la kuhatarisha shingo. Li alibaki. Akavaa sare ya Kiingereza, na Waingereza wakamwita Bwana Plamu, kwani Li kwa Kichina ni tunda hilo.

Safarini mtoto wa Staunton, wa miaka 11, alijifunza Kichina kwa mapadri hao. Tarehe 14 Septemba 1793, hemani Chengde, kwenye makazi ya kiangazi ya mfalme, Macartney alipiga goti moja badala ya kusujudu mara tisa kama desturi ya China ilivyotaka. Mfalme, mzee wa miaka zaidi ya 80, akauliza kama kuna mgeni anayejua Kichina. Mtoto akasogea, akasema maneno machache. Mzee akafungua kifuko cha hariri ya njano kiunoni mwake, akampa.

Maombi yenyewe yalikataliwa yote. Barua ya Qianlong kwa George III, mfalme wa Uingereza, ilikuwa kali, lakini wamisionari wa Ulaya waliokuwa Beijing walipoigeuza Kilatini waliipunguza makali, ili isimchome aliyeandikiwa. Hapo bomba lako limevuja, au limeziba, sijui utaliitaje.

Li hakurudi Ulaya. Alibaki kwao akiwahudumia Wakristo kwa kujificha. Yule mtoto wa kifuko akawa mtaalamu wa Kichina, akatafsiri sheria za China kwa Kiingereza, akaingia Bunge la Uingereza. Mwaka 1840 alisimama humo, akaunga mkono vita dhidi ya China.

Ukifika kazini, nipigie.

Kaka yako