Kutembea peku juu ya makaa ya moto

Ndugu yangu Juma,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama hawa wanaokanyaga makaa hupaka dawa miguuni. Hawapaki. Septemba 1935 huko Uingereza, Harry Price, mchunguzi wa mambo ya miujiza, alimpima Kuda Bux, mwana mazingaombwe: miguu ilioshwa ikakaushwa kwanza, uso wa makaa ukasoma nyuzi 430 za Selsiasi, na jamaa akavuka salama.

Siri imo kwenye mkaa wenyewe. Ni mwepesi, umejaa vitundu vya hewa, kwa hiyo haubebi joto jingi, na hilo ulilonalo hulitoa polepole. Unyayo una maji mengi, hupokea joto bila kupanda haraka. Piga hesabu: kaa la nyuzi 430 likikutana na ngozi ya 35, pale panapogusana hupata kama 80 tu. Weka chuma chenye joto lilelile, patafika karibu 400! Ndiyo maana mama lishe huokota kaa lililodondoka kwa vidole akalirudisha jikoni, lakini wavu wa jiko hilohilo hathubutu kuushika.

Usidanganyike, hata 80 huunguza. Kinachookoa ni muda. Hatua hugusa kwa nusu sekunde hivi, na kwa muda huo joto huzama ngozini kama robo milimita, wakati ngozi ngumu ya kisigino kwa kawaida ni nene kuliko hapo. Mguu ukikaa sekunde mbili tatu, hesabu yote imeharibika.

Kwa hiyo kuni ziwe ngumu na kavu, zisitoke kwenye mbao za zamani, maana msumari mmoja unatosha kukulaza hospitali. Subiri ndimi za moto ziishe kabisa, makaa yavae majivu, kisha yatandazwe kwa reki yawe tabaka jembamba, njia isizidi mita 3 au 4. Tembea mwendo wa kawaida, unyayo bapa. Anayekimbia huchimba kwa vidole, makaa yakampanda juu ya mguu na katikati ya vidole, ambako ngozi ni laini. Miguu isiwe na majimaji, makaa hunata.

Imani haipunguzi hata nyuzi moja. Julai 2012, San Jose, Marekani, watu 21 walitibiwa majeraha ya moto baada ya kukanyaga makaa kwenye semina ya kujenga ujasiri.

Na huyo mjomba wako mwenye kisukari, akitaka kujaribu, mzuie kabisa. Miguu yenye ganzi haitamwambia kama kaa limenata.

Wako,
Rashidi