Tungamo na upepo wa sayari ya mbali: barua kwa mwalimu mwenzangu wa Lindi

Shangani, Mtwara
Oktoba

Ndugu yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Kusi linaelekea kukatika, msimu wa korosho umeanza, na mazungumzo ya mji mzima ni mnada na bei. Swali uliloniuliza, kwamba inawezekanaje mtu apime tungamo ya sayari asiyoiona hata kwa darubini, kisha adai kuwa anaijua kasi ya upepo wake, linastahili jibu refu. Nitalijibu kwa sayari moja tu, kwa sababu naamini hakuna nyingine inayolifundisha jambo hili vizuri zaidi.

Sayari hiyo inaitwa HD 209458 b. Nyota yake iko katika kundinyota la Farasi, umbali wa zaidi ya miaka nuru 150. Mwezi huu ukitoka nje baada ya isha na kuelekea kaskazini, utaona nyota nne zilizopangika kama mraba mkubwa. Nyota yetu iko magharibi mwa mraba huo, nayo haionekani kwa macho matupu ila kwa darubini ndogo ya mkononi. Sayari yenyewe ni jitu la gesi la jamii ya Mshtarii (Jupita), lakini inaizunguka nyota yake kwa siku 3.5 tu, ikiwa umbali wa takriban kilomita milioni 7, kiasi kwamba angahewa yake ina joto la nyuzi elfu moja na zaidi. Mwaka 1999 ilikuwa sayari ya kwanza nje ya mfumo wa Jua letu kuonekana ikikatiza mbele ya nyota yake, ikipunguza mwanga wa nyota hiyo kwa asilimia 1.5 hivi kwa muda wa saa tatu.

Tungamo yake ilikuwa ikitajwa vitabuni tangu wakati huo, ila kwa namna iliyonikera kila nilipoifundisha. Sayari huivuta nyota yake, na nyota huyumba kidogo. Kuyumba huko kulipimwa, nako ni mita 84 hivi kwa sekunde. Lakini ili upate tungamo ya sayari kutokana na namba hiyo, ni lazima kwanza uijue tungamo ya nyota, na hiyo ilikuwa ikikadiriwa kutokana na nadharia za namna nyota zinavyozaliwa na kuzeeka. Mkulima yeyote wa huku angeielewa kasoro hiyo mara moja: jiwe la mizani likiwa halijahakikiwa, kilo zote zinazosomwa ghalani zinategemea imani uliyonayo kwa jiwe. Simaanishi kwamba nadharia hizo ni dhaifu, kwa kuwa zimethibitishwa kwa njia nyingi, bali kwamba sayari ilikuwa bado haijapimwa kwa ushahidi wake yenyewe.

Ushahidi huo ulipatikana mwaka 2010. Ignas Snellen wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, pamoja na wenzake, walitumia moja ya darubini kubwa za Paranal, katika jangwa la Atacama nchini Chile, iliyofungwa kifaa kiitwacho CRIRES, ambacho huuchambua mwanga wa infraredi, yaani ule usioonekana kwa macho ulio ng'ambo ya nyekundu, kwa uchambuzi mkali sana. Waliielekeza kwenye nyota hiyo wakati sayari inakatiza mbele yake. Katika dakika hizo sehemu ndogo sana ya mwanga wa nyota hupenya kwenye ukingo wa angahewa ya sayari kabla ya kutufikia, na gesi ya kaboni monoksidi iliyomo humo huufyonza mwanga huo katika mistari myembamba ya giza kwenye mpangilio wa rangi zake, ambayo mahali pake panajulikana kwa usahihi kutoka maabara.

Tatizo ni kwamba mistari hiyo ni hafifu mno, na angahewa ya Dunia yetu nayo huchora mistari yake mizito juu ya kila kitu. Hapa ndipo ninapowavulia kofia watafiti wale. Mistari ya Dunia haihami. Hubaki palepale usiku kucha. Mistari ya sayari huhama, kwa kuwa mwanga kutoka kwa kitu kinachotukaribia husogea kuelekea bluu, na kutoka kwa kinachotuacha husogea kuelekea nyekundu; nayo sayari inapoanza kukatiza bado inatukaribia kidogo, na inapomaliza imekwishaanza kutuacha, hivyo ndani ya saa zile tatu kasi yake kwa upande wetu hubadilika kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde. Walifuta kila kisichohama, wakajumlisha kwa pamoja mistari mingi ya gesi ile, na kilichobaki kilikuwa alama moja inayoteleza kutoka upande wa bluu kwenda upande wa nyekundu kwa mwendo uleule uliotarajiwa kwa sayari. Kutokana na mteremko wa alama hiyo walipata kasi ya sayari katika mzunguko wake: kilomita 140 kwa sekunde.

Sasa waandikie ubaoni vijana wako wa kidato cha tano. Kasi ni mita 140,000 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua takriban sekunde 304,500. Chukua kipeo cha tatu cha kasi, zidisha kwa muda wa mzunguko, kisha gawanya kwa mara mbili ya pai iliyozidishwa kwa namba thabiti ya uvutano ya Newton (G). Utapata karibu kilo 2 zikifuatwa na sifuri thelathini, yaani tungamo ya Jua letu. Halafu gawanya kasi ya sayari kwa kasi ya kuyumba kwa nyota, upate uwiano wa takriban 1,650, na kwa uwiano huo sayari inatokea kuwa na kama asilimia 64 ya tungamo ya Mshtarii. Hakuna nadharia ya maisha ya nyota iliyotumika. Ni Kepler na Newton peke yao.

Usiwafiche vijana udhaifu wa jibu hili. Kwa kuwa kasi inapandishwa kipeo cha tatu, kosa dogo la asilimia 7 katika kasi hugeuka asilimia 22 katika tungamo ya nyota. Makadirio ya zamani yalijidai usahihi mkubwa zaidi. Hata hivyo mimi naichagua namba hii pana, kwa sababu kila kilichomo ndani yake kimeonekana katika mwanga wenyewe.

Kuhusu upepo, alama ile ilikutwa imesogea kuelekea bluu kuliko ilivyopasa, kwa kilomita 2 hivi kwa sekunde. Sayari hii inaaminika kuielekezea nyota yake uso mmoja daima, kwa hiyo inapokatiza, upande wa usiku ndio unaotutazama sisi. Gesi inayovuka ukingo kutoka mchana wa moto kwenda kwenye usiku uliopoa inakuja kwetu, na mwanga uliopita humo husogea kuelekea bluu. Kilomita 2 kwa sekunde ni zaidi ya kilomita 7,000 kwa saa. Unakumbuka tahadhari zilizotolewa huku kusini wakati wa kimbunga Kenneth, Aprili 2019, kabla hakijaipiga Cabo Delgado. Upepo wake ulizidi kidogo kilomita 200 kwa saa. Ila kipimo hiki cha upepo kina nafasi ya kosa ya kilomita 1 kwa sekunde, nusu ya kipimo chenyewe, na kwa hiyo nisingekiweka daraja moja na kile cha tungamo.

Mbinu hii haikuishia hapo. Mwaka 2012 mwanga wa sayari ya tau Boötis b, ambayo haikatizi kabisa mbele ya nyota yake, ulinaswa kwa njia hiyohiyo na tungamo yake ikajulikana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walitenganisha kingo mbili za sayari ya HD 189733 b na kupima upepo wa kila upande peke yake, ambao ni ushahidi thabiti kuliko ule wa awali.

Wape vijana hesabu hiyo kabla hujawaambia jibu, uniandikie walipokwama, hasa kwenye vizio, maana wangu wengi huacha kasi katika kilomita. Nisalimie wote nyumbani.

Wako katika kazi,
Mwalimu mwenzio wa Mtwara