Watu wa kujitolea Kusini hawakimbii kazi, mipango yetu ndiyo inayowakimbiza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na viongozi wa vikundi na mashirika ya kijamii ya Mtwara na Lindi, hasa yale madogo yasiyo na mwajiriwa hata mmoja, ambayo kazi zake zote hufanywa na watu wa kujitolea.

Kila Desemba 5 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kujitolea. Huku kwetu fulana huchapishwa, turubai hukodiwa, halafu mwenyekiti husimama na kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana moyo. Siku hiyo mkulima wa Tandahimba bado anahangaikia korosho zilizoko ghala la AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na mnada wa wiki hiyo, na huku anawahi mvua za kwanza apande mahindi. Moyo anao. Aliyekosa kalenda ni mwenyekiti.

Mwaka wa Kusini unajulikana. Mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na miezi hiyo ni ya kupanda na palizi. Mei na Juni ni ufuta, uvunaji na minada yake. Kuanzia Juni hivi mikorosho inapuliziwa salfa na dawa nyingine dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na mtu akiruka mzunguko mmoja wa kupulizia kwa sababu alikuwa kwenye semina, hasara hiyo hakuna shirika litakalomlipa. Oktoba hadi Desemba ni kuokota, kuanika na kupeleka ghalani. Jando na unyago siku hizi huangukia likizo za shule. Ramadhani nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mpango uliofaa miaka mitatu iliyopita huenda mwaka huu ukaangukia katikati ya mfungo.

Pamoja na hayo yote, nafasi zipo. Kazi nzito inayotaka watu siku nzima, kama kutembelea kaya zote za kijiji, kuchimba mtaro au kusafisha chanzo cha maji, itafutieni wiki zilizo kati ya mavuno ya mazao ya chakula na upuliziaji, au kati ya upuliziaji na kuokota, kwa kuwauliza wakulima wa kijiji husika. Newala na Kilwa hazilingani. Msimu wenyewe wa korosho ubakie kwa kazi za saa mbili: kikao kifupi asubuhi, ujumbe wa simu, tangazo msikitini au kanisani. Ijumaa msiite mtu saa sita mchana.

Mfano mmoja unaoonyesha gharama ya kupuuza kalenda ni damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una kituo cha Kanda ya Kusini hapa Mtwara, na vikundi vingi vya kujitolea huusaidia kuhamasisha wachangiaji. Njia rahisi ni kwenda sekondari, kwa sababu wanafunzi waliofikisha miaka 18 wako mahali pamoja na hawahitaji nauli. Ubaya wake unaonekana shule zinapofungwa Desemba: wachangiaji wanatawanyika wakati uleule mvua zinaanza, malaria inapanda na watoto walioishiwa damu wanaongezeka wodini. Hamuwezi kukusanya nyingi Oktoba mkaiweka akiba, kwa sababu chembe nyekundu hudumu kwenye jokofu siku 35 hadi 42 tu, kutegemea dawa ya kuhifadhia iliyomo kwenye mfuko.

Kwa hiyo kikundi kinachotaka kusaidia kweli kitafute wachangiaji nje ya shule: vijiwe vya bodaboda, wavuvi, wanachama wa AMCOS siku ya mkutano, waumini baada ya ibada. Wekeni daftari lenye jina, simu, kundi la damu na tarehe aliyochangia. Mwanaume anaweza kuchangia tena baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Mpigieni tarehe hiyo ikifika, msisubiri hadi mgonjwa awe mezani. Kabla hajatoka nyumbani aambiwe mapema kwamba lazima awe na umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, na kwamba ale na anywe maji ya kutosha. Kijana wa bodaboda aliyeamka saa kumi na moja na kunywa chai kavu, mkamtoa mililita 450 saa tano juani, ataanguka, na kijiwe chake chote kitasikia. Katika mwezi wa Ramadhani pangeni baada ya futari, mkikubaliana mapema na wataalamu wa damu kuhusu saa na umeme.

Sasa fedha. Wengi wetu huandika andiko la mradi na kuweka sifuri kwenye mstari wa watu wa kujitolea, eti wanajitolea. Hapo ndipo kikundi kinapoanza kufa. Anayejitolea ametoa muda wake na nguvu zake, na nauli haimo katika sadaka hiyo. Chukua watu kumi wanaotembelea kaya siku nne kwa mwezi. Tuseme bodaboda kwenda na kurudi ni shilingi 4,000, chakula cha mchana 3,000 na vocha 1,000. Ni 8,000 kwa mtu kwa siku, 320,000 kwa mwezi, 1,920,000 kwa miezi sita. Ongezeni makato ya kutuma kwa simu, madaftari, kalamu, miavuli au makoti ya mvua, na mabuti kama njia zinapita mabondeni. Kama hesabu haitoshi, punguzeni watu au siku. Msipunguze nauli, maana mkishaipunguza mtu hatakwenda kule mbali: atajaza fomu akiwa barazani kwake, na takwimu zenu zitakuwa za kubuni.

Ulipaji nao una namna yake. Nauli ilipwe kabla ya safari au siku hiyohiyo. Ikikaa wiki tatu mtu ameshakopa. Bodaboda haitoi risiti, basi tengenezeni fomu moja ya malipo: jina, simu, alikotoka, alikokwenda, kazi aliyofanya, kiasi, sahihi yake na ya aliyelipa. Mkituma kwa simu, andikeni namba ya muamala kwenye fomu hiyohiyo. Mkaguzi wa mfadhili akikuta fomu hizo zimepangwa kwa mwezi, maswali hupungua sana. Kinachovunja watu moyo kuliko vyote, kwa tunavyoona sisi waratibu, ni viongozi kujilipa posho ya kikao mjini Masasi huku aliyetembea vitongoji vitatu akiambiwa fungu limekwisha. Hayo hujulikana kijiji kizima kabla jua halijazama.

Kuna jambo la kisheria ambalo mashirika mengi hayalijui, au yanajifanya hayalijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja mazingira ambayo mtu atahesabiwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo, bila kujali mkataba wake umeitwa jina gani. Mojawapo ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mengine ni saa zake kupangwa na mwingine, kupewa vitendea kazi, na kutegemea kipato hicho kuishi. Siku sita za saa nane ni saa 48. Maana yake kijana mnayemwita wa kujitolea, anayefungua ofisi kila asubuhi, anayetumia kompyuta yenu na kupokea "posho" ileile kila mwisho wa mwezi, akienda kulalamika ana pa kusimama. Mwajirini au mpunguzieni saa. Wale kumi wa mfano wetu, kwa siku nne za saa sita, wana saa 24. Kila mmoja apewe barua ya ukurasa mmoja inayotaja kazi yake, siku zake, kinacholipwa (nauli na chakula), nani wa kumpigia akipata ajali, na tarehe ya mwisho. Tarehe ya mwisho muhimu. Mtu akijua kazi inaisha Septemba 30 huvumilia mengi. Asipojua huondoka kimyakimya.

Mafunzo yetu nayo yana kasoro. Siku mbili za kusikiliza mada ukumbini, na nusu saa ya vitendo mwishoni watu wakiwa wanafunga mizigo. Tazama kazi inayoonekana rahisi kabisa, kupima mtoto kwa utepe wa lishe, ule wa rangi unaozungushwa mkononi kuonyesha kama ana utapiamlo. Ni kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono wa kushoto unakunjwa kwenye kiwiko, unatafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, unaweka alama, kisha mkono unaachwa uning'inie umelegea ndipo utepe unazungushwa pale kwenye alama. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mtoto apelekwe kituoni leo. Kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 ni kijani. Makosa ni yaleyale kila mahali: kupima juu ya nguo, kupima wakati mkono bado umekunjwa, kukisia katikati kwa macho, na kuvuta utepe hadi ngozi inabonyea, hapo mtoto mzima anasoma njano. Ukiulegeza, aliye njano anasoma kijani na anabaki nyumbani. Kisha kuna kosa la kusahau miguu. Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde tatu. Pakibaki shimo pande zote mbili, mtoto huyo ni wa rufaa hata kama utepe umesema kijani. Haya hayafundishiki kwa picha ukutani. Kila mmoja apime watoto kumi mbele ya mhudumu wa zahanati, wote wawili waandike namba bila kuonyeshana, kisha walinganishe. Wakitofautiana zaidi ya nusu sentimita, arudie.

Mkishapata namba, zitunzeni. Mtindo wa kupiga picha ukurasa wa daftari wenye majina ya wagonjwa au watoto wenye utapiamlo na kuutupia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili ukome. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya na za watoto zina ulinzi wa ziada. Kwenye kundi pelekeni jumla tu, majina yabaki kwenye daftari la zahanati.

Uteuzi nao tuuseme ulivyo. Mkimwachia kiongozi mmoja awateue watu wa kujitolea, mtaletewa shemeji na mpwa. Anzieni kwa Mtendaji wa Kijiji na barua ya utambulisho, ombeni ajenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, na kila kitongoji kichague wake wawili, mwanamke na mwanaume, hadharani. Mtu wa kitongoji hicho anatembea kwa miguu, mahitaji ya nauli yanashuka, na watu wanajua pa kumpata. Isipokuwa kwa ushauri wa mambo ya siri, kama VVU au ukatili wa nyumbani: hapo jirani ndiye mtu wa mwisho ambaye mama atamfungulia moyo, tafuteni wa kitongoji kingine.

Mwisho, vifaa. Baiskeli, simu na mizani vinaponunuliwa, andikeni siku hiyohiyo kwenye daftari la mali namba ya kifaa, aliyekabidhiwa, sahihi, na kitakwenda wapi mradi ukifungwa: zahanati, shule au serikali ya kijiji. Nakala moja ibaki kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tunamwomba naye, anapofanya ukaguzi wa vikundi, asiishie kuuliza katiba na cheti cha usajili. Aombe daftari hilo na fomu za nauli za miezi mitatu ya karibuni, kisha achague majina mawili na kuwapigia simu kuuliza kama kweli walilipwa.

Mratibu wa watu wa kujitolea,
Masasi, Mtwara