Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Bustani za Dampo la Zamani, Vingunguti

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tulifanya mikutano minne, tukazibua mitaro kabla ya masika, tukagawana mbegu na kuwazika wenzetu wawili. Hayo mnayajua na Katibu ameyaandika. Wanachama ni 58. Waliokamilisha ada ya shilingi 24,000 ni 21, hivyo zimepatikana shilingi 504,000, matumizi yakawa shilingi 960,000, na pengo tumeliziba kwa akiba.

Naomba nieleze kwa kirefu uamuzi wa Juni wa kusitisha mchicha, matembele na chainizi kwenye matuta yaliyo juu ya dampo, kwa sababu nimelaumiwa hadharani na watu ambao hawakufika mkutanoni. Waliofika walikuwa 16, na wote waliafiki.

Malori yalianza kumwaga taka hapa baada ya wakazi wa Tabata kulikataa dampo la kwao mahakamani, kwa kesi ya mwaka 1988, na yaliendelea hadi 2001. Betri, makopo ya rangi, redio mbovu na maganda ya ndizi vilifukiwa pamoja. Maganda yameoza, lakini risasi, yaani yale madini mazito yenye sumu ya kwenye betri, haiozi. Mwezi Mei, nikilima karibu na mtaro, jembe langu lilifukua vipande vya bamba la betri ya gari, vya kijivu na vizito kuliko vilivyoonekana. Mtoto wa jirani alikuwa ameshaokota kimoja na kuchora nacho ukutani, vidole vimemgeuka vyeusi, na kwa mkono uleule anakula kitumbua. Hapo ndipo nilipoitisha mkutano, wala sikutumwa na mtu, kama ilivyodaiwa.

Wanaosema tumekula mboga hizi miaka yote bila kufa wajue kwamba risasi haiui papo hapo, bali hudumaza akili ya mtoto kimyakimya, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Dandora, Nairobi, utafiti wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wanaoishi jirani na dampo, na kwa nusu yao risasi katika damu ilizidi kiwango kilichokubalika wakati huo. Kuosha mchicha huondoa vumbi, lakini hakuondoi kadimi, madini mengine yenye sumu, iliyopanda kutoka mizizini hadi kwenye majani. Bamia na nyanya hubeba kidogo zaidi, ndiyo maana hatukuzikataza.

Nimeulizwa pia kwa nini hatukupima udongo kwanza. Dampo halifanani hatua kwa hatua. Sampuli moja safi haisafishi tuta linalofuata, na fedha tuliyokuwa nayo ingelipia sampuli chache tu. Niliona ni bora tununue lori la udongo mwekundu, viroba vya kupandia, chokaa na samadi, kwani chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na udongo usio na uchachu huyashikilia zaidi madini hayo yasipande kwenye mmea. Udongo huo niliufuata mwenyewe mara tatu, kwa nauli yangu.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kumpata mtaalamu wa kupima na eneo jingine la kulima. Lori la pili haliwezi kuagizwa kabla wanachama 37 waliosalia hawajakamilisha ada zao kwa Mweka Hazina.